Barabara Peke Yake Si Usafiri

(Mada iliyotolewa kwa washiriki wa semina ya viongozi wa vikundi vya maendeleo, wenyeviti wa vijiji na watumishi wa zahanati. Tunaichapisha kama ilivyosomwa.)



Nimeombwa nizungumzie usafiri wa umma katika miji midogo na maeneo yenye watu wachache. Nashukuru kwa kupewa mada hii, kwa sababu ni nadra kuizungumzia. Usafiri ukitajwa redioni au kwenye magazeti, utasikia habari za foleni za Dar es Salaam, mabasi yaendayo haraka yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016, au treni ya kisasa iliyoanza safari za Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Hayo ni mambo mema. Lakini mama anayekaa kilometa 40 kutoka makao makuu ya wilaya, akitaka kumpeleka mtoto hospitali siku ya Jumanne, treni ile haimsaidii mpaka kwanza apate njia ya kutoka kijijini kwake.

Katika mikutano yetu ya vijiji tukiulizwa shida ya usafiri ni nini, wote tunajibu: barabara. Ni kweli, barabara mbovu ni shida kubwa. Lakini leo nataka tupige hatua moja zaidi. Barabara peke yake si usafiri. Ziko barabara zilizochongwa vizuri ambazo kwa siku nzima hupita pikipiki tatu na lori moja la mbao. Usafiri ni gari linalojulikana litapita lini, linasimama wapi, linatoza kiasi gani, na litakurudisha nyumbani saa ngapi. Hayo manne yasipokuwepo, greda litapita na watu watabaki wamekaa chini ya mwembe.

KWA NINI GARI HALIJI?

Tuanze na idadi ya watu. Kwa sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728 katika eneo dogo, yaani zaidi ya watu 3,800 kwa kila kilometa moja ya mraba. Mkoa wa Lindi ulikuwa na watu 1,194,028 katika eneo kubwa sana, sehemu yake ikiwa ni hifadhi ya wanyama. Wastani wake ni watu wapatao 18 tu kwa kilometa moja ya mraba. Mfanyabiashara wa daladala mjini akikosa abiria kituo hiki, atawapata kituo kinachofuata. Mwenzake wa Liwale au Kilwa anaweza kwenda kilometa kumi bila kuona mtu wa kumpungia mkono.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Takwimu hizi ni za mfano tu. Kila mmoja aweke za kwake. Tuseme gari aina ya Hiace lina viti 14. Safari moja ya kwenda mjini, ukijumlisha mafuta, posho ya dereva na konda, ushuru wa stendi, matairi na matengenezo, inagharimu shilingi 35,000. Nauli ni shilingi 3,000. Gari likijaa, zinapatikana shilingi 42,000, na mwenye gari anabaki na shilingi 7,000. Lakini kijiji chetu kwa siku kina abiria wanane tu. Wanane ni shilingi 24,000. Kila safari ni hasara ya shilingi 11,000.

Mwenye gari atafanya nini? Tunayajua majibu kwa sababu tunaishi nayo. Kwanza, gari litasubiri mpaka lijae. Utafika stendi saa moja asubuhi, utaondoka saa nne, na hospitalini utakuta kadi za kumwona daktari zimekwisha. Pili, atajaza watu kupita kiasi ili kufidia siku mbaya, na mzee atasafiri amebebana na gunia. Tatu, ataacha njia hiyo kabisa na kwenda kwenye lami, kwa kuwa tajiri anataka hesabu yake jioni, awe amepakia au hajapakia. Tusimlaumu haraka dereva. Mfumo wa kuondoka gari likijaa unafaa penye watu wengi. Penye watu wachache, gari halijai.

Lakini tuitazame hesabu hiyo kwa njia nyingine. Abiria wanane kwa siku, kwa siku tano, ni watu 40. Gari likienda siku zote tano, gharama ni shilingi 175,000 na mapato ni shilingi 120,000. Ni hasara tupu. Je, watu wale wale 40 wakijua kwamba gari lipo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri bila kukosa? Safari tatu zina viti 42. Gharama ni shilingi 105,000 na mapato ni yale yale 120,000. Hasara imegeuka faida, na hakuna hata abiria mmoja aliyeongezeka! Kilichoongezeka ni makubaliano.

Ndugu zangu, hilo ndilo jambo moja ninaloomba mtoke nalo hapa. Penye watu wachache, usafiri haujengwi na wingi wa watu bali na mpangilio wa watu.

TUNAJIFUNZA NINI KUTOKA KWA YALIYOPITA?

Wazee wa kusini wanaikumbuka reli ya Mtwara hadi Nachingwea. Waingereza waliijenga kwa ajili ya mradi wao mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947. Mradi ule ulishindwa na ukaachwa mwaka 1951, na reli nayo ikafungwa mwaka 1962. Reli ile ilijengwa kubeba mzigo wa aina moja, na mzigo ulipokosekana haikuwa na la kufanya. Nasi tunaona jambo kama hilo kila mwaka kwa kiasi kidogo. Msimu wa korosho magari yanajaa hadi vijijini. Msimu ukiisha na mvua za masika zikianza, hatuyaoni tena. Huduma inayotegemea zao moja si huduma ya kutegemewa.

Reli ya TAZARA inatufundisha kinyume chake. Ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, hasa kwa ajili ya kupitisha shaba ya Zambia. Lakini wananchi wa bonde la Kilombero waliipa kazi nyingine. Treni ya kawaida, ile iliyosimama kwenye vituo vidogo, ikawa ndiyo njia yao ya kusafirisha mpunga, ndizi na mboga, na ya kwenda kulima, kuuza na kutembelea ndugu. Mwanahistoria Jamie Monson ameeleza vizuri jinsi watu walivyohamia karibu na vituo hivyo na kupanga maisha yao kufuatana na treni. Angalieni siri yake: ilisimama mahali padogo, ilibeba watu pamoja na mizigo yao midogo, na watu walijua inapita siku gani.

Somo la tatu linatoka Makete. Kuanzia mwaka 1985 serikali, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, iliendesha huko mradi wa usafiri vijijini. Kabla ya kutengeneza chochote, wataalamu waliwauliza watu wanasafiri kwenda wapi. Ilionekana kwamba sehemu kubwa ya safari za familia hazigusi barabara kabisa. Ni safari za miguu ndani na kando ya kijiji: kisimani, kuni, shambani, mashine ya kusaga. Na mzigo mkubwa ulikuwa kichwani mwa mwanamke. Kwa hiyo mradi haukuishia kwenye barabara za magari. Njia za miguu zilitengenezwa, matumizi ya punda yakahimizwa, na suala la kusogeza mashine za kusaga karibu na watu likaangaliwa. Kabla ya kutafuta gari, tujiulize kama huduma yenyewe inaweza kumfuata mwananchi.

GARI LINALALA WAPI?

Kuna swali moja dogo ambalo nawaomba mwulize kila mnapozungumza na mwenye gari. Gari linalala wapi?

Gari likilala mjini, litatoka mjini asubuhi, litafika kijijini saa sita, na litarudi mjini mchana. Ratiba hiyo inamfaa mchuuzi na mtumishi wa mjini. Mwanakijiji atafika mjini saa tisa, ofisi zinafungwa, benki inafungwa, na lazima atafute pa kulala. Safari ya siku moja imekuwa ya siku mbili, na gharama ya nyumba ya wageni inazidi nauli. Lakini gari hilo hilo, barabara hiyo hiyo, mafuta yale yale, likilala kijijini na kuondoka saa kumi na moja alfajiri, mwanakijiji atashughulika mjini na kurudi jioni kulala kwake.

Kwa nini magari mengi hayalali kijijini? Sababu zinajulikana. Dereva hana pa kulala penye usalama, gari halina mlinzi, na fundi yuko mbali. Haya si mambo ya kusubiri bajeti ya taifa. Kijiji kinaweza kumpa dereva chumba na kuweka gari kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji ambako mlinzi yupo tayari. Ni gharama ndogo kwa huduma kubwa.

MGONJWA HAWEZI KUSUBIRI GARI LIJAE

Nimezungumzia safari zinazoweza kupangwa. Lakini uchungu wa uzazi haungojei Jumatano. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba mama mjamzito hupoteza maisha kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Ule wa pili ni wa usafiri. Wauguzi mliopo hapa hamhitaji kuambiwa na watafiti. Mmekaa na mama anayetoka damu usiku, mkapiga simu kila mahali, na kila dereva akauliza kwanza, "Nani atalipa?"

Hapa nchini tumepata jibu moja zuri. Mwaka 2013 mpango wa m-mama ulianza kwa majaribio Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 ulizinduliwa ili uenee nchi nzima. Unawahusu wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Familia au mhudumu wa afya anapiga namba 115 bila malipo. Anayepokea anasikiliza hali ya mgonjwa, kisha anatafuta gari la wagonjwa. Kama halipo karibu, anamwita dereva wa kawaida wa eneo hilo ambaye ameandikishwa mapema. Dereva anampeleka mgonjwa, na akishamfikisha analipwa kwa njia ya simu. Familia haitoi nauli.

Vifo vya uzazi nchini vimepungua. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ulikadiria 104. Mambo mengi yamechangia: vituo vya afya vipya, vifaa, dawa na watumishi. Usafiri ni moja tu kati ya hayo. Lakini mtazame m-mama ulivyofanya kazi. Haukusubiri kila kijiji kipate gari la wagonjwa. Magari yalikuwepo na madereva walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kupokea simu, orodha ya madereva, na uhakika wa malipo.

Sasa niwageukie vijana wa bodaboda. Tangu kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za mwaka 2010, kazi yenu inatambuliwa kisheria. Pasingekuwa na nyinyi, vijiji vingi vingekuwa vimefungwa kama kisiwa. Lakini tusemeane ukweli. Mshikaki wa watu watatu juu ya pikipiki moja unaua. Mgonjwa aliyevunjika mguu hapakiwi kwenye pikipiki. Na nauli ya bodaboda kwa safari ndefu ni kubwa kuliko ya gari, hivyo aliye maskini zaidi ndiye anayelipa zaidi.

Kuna jambo la nne, nalo ni zito. Shule nyingi za sekondari za kata ziko mbali na nyumbani. Binti wa kidato cha pili anayetembea kilometa nane anapewa lifti leo, kesho na keshokutwa, na lifti ina bei yake. Konda naye anamwacha mwanafunzi barabarani kwa sababu analipa nauli ndogo. Wengine wanapangishiwa chumba karibu na shule, bila mzazi wala mlezi. Tunapokaa kwenye vikao kulaumu mabinti kwa kupata mimba, tujiulize pia sisi watu wazima tuliwapangia usafiri gani.

WENZETU WALIFANYAJE?

Mtu anaweza kudhani shida hii ni ya nchi maskini tu. Sivyo. Uswisi ina vijiji vidogo vilivyotawanyika milimani. Mwaka 1906 posta ya nchi hiyo ilianzisha basi lake la kwanza lenye injini, kutoka Bern kwenda Detligen. Lilibeba barua, vifurushi na watu pamoja. Abiria peke yao wasingetosha, na barua peke yake zisingetosha, lakini kwa pamoja vilitosha. Baadaye, mwaka 1982, nchi ile iliweka ratiba ya treni za kila saa, na mabasi ya vijijini yanapangwa yakutane na treni.

Ujerumani, katika jimbo la Nordrhein-Westfalen, mwaka 1985 wakazi wa eneo la Heek na Legden walianzisha basi la wananchi. Ni gari dogo la abiria wanane, na madereva ni wakazi wenyewe wanaojitolea kwa zamu. Mbinu hiyo imeenea katika maeneo mengine mengi ya nchi hiyo.

Sisemi tuige kila kitu. Posta yetu haina barua za kutosha. Lakini tuna mizigo. Rudini kwenye hesabu yetu ya mwanzo: abiria wanane walileta shilingi 24,000. Ongezeni magunia manne ya mchele kwa shilingi 3,000 kila moja, yakiwa yamefungwa salama kwenye keria na si mapajani mwa abiria. Jumla ni shilingi 36,000, na gharama imerudi. Aidha kuna dawa za zahanati, vitabu vya shule, bidhaa za maduka na maziwa ya wafugaji. Leo kila mmoja anavitafutia gari lake.

NINI KIFANYIKE?

Napendekeza mambo sita ambayo kijiji kinaweza kuyaanza kabla ya mwaka kwisha.

1. Fanyeni sensa ndogo ya safari. Kwa wiki mbili mwandikeni kila anayetoka kijijini: anakwenda wapi, siku gani, kwa shughuli gani, na amebeba nini. Ulizeni pia waliotaka kusafiri wakashindwa. Waandikeni hasa wanawake, wazee, wanafunzi na watu wenye ulemavu, maana hao ndio wasiosikika mikutanoni.

2. Linganisheni siku. Gulio likiwa Jumatano, kliniki ya watoto Alhamisi, na malipo ya ushirika Ijumaa, mmewatawanya abiria wenu wenyewe. Kaeni na zahanati, ushirika na kijiji jirani mwone ni siku zipi zinaweza kuwekwa pamoja.

3. Ungeni vijiji kwenye njia moja. Kijiji kimoja hakijazi gari, lakini vijiji vinne vilivyopangana vinaweza. Hapa tuache ushindani wa gari lianzie kwetu au kwao.

4. Kubalianeni na mwenye gari kwa maandishi: siku, saa ya kuondoka, nauli, mahali pa kulala gari, na nafasi ya wanafunzi. Mhakikishe ana leseni ya usafirishaji kutoka LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, na bima iliyo hai. Nanyi mtoe ahadi yenu. Mkisema watu 13 watakuwepo Jumatatu alfajiri, wawepo. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kutenga akiba ndogo ya kufidia siku ambayo gari limeondoka na abiria wachache. Bila hiyo, ratiba itavunjika wiki ya pili.

5. Bandikeni ubao. Ratiba, nauli na namba ya simu ya dereva ziandikwe kwa herufi kubwa ofisi ya kijiji, zahanati na dukani. Zitangazwe kanisani na msikitini. Chini ya ubao huo iandikwe namba 115.

6. Ombeni barabara mkiwa na takwimu. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, una mtandao wa zaidi ya kilometa 100,000 za kuhudumia. Hawawezi kulima zote. Mkienda kusema barabara yetu mbovu, mtaungana na foleni ndefu. Mkienda na daftari la safari na mkataba wa gari, mkionyesha kwamba kalvati moja pale bondeni ndilo linalozuia watu 40 kila wiki, mmempa mhandisi jambo analoweza kulipima na kulitetea.

HITIMISHO

Ndugu Mwenyekiti, mpangilio hauondoi wajibu wa serikali. Ziko njia ambazo hata zikipangwa namna gani hazitalipa, na huko ruzuku itahitajika kama inavyotolewa katika nchi nyingine. Tuidai. Lakini tutaidai kwa nguvu zaidi tukiwa tumeshapanga kilicho mikononi mwetu.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Abiria wanane wa leo na wanane wa kesho ni haba. Tukiwakusanya kwa siku na saa moja, gari litajaa, na likijaa litakuja tena.

Mkirudi nyumbani, anzeni na daftari la wiki mbili. Katika semina ijayo kila kijiji kije na daftari lake, tukae mezani na wenye magari.